Shajara ya karakana ya kuchomelea: kundi la kwanza

Shajara hii hujazwa kila Ijumaa baada ya karakana kufagiliwa. Wanaoijaza ni watatu: bruda msimamizi wa karakana, mwalimu wa ufundi na mratibu wa ustawi wa vijana. Kituo ni cha Wasalesiani wa Don Bosco, shirika la watawa Wakatoliki lililoanzishwa na padre Giovanni Bosco (Don Bosco) wa Italia kwa ajili ya vijana. Kozi ni ya kuchomelea kwa umeme, wiki 24 karakanani na wiki 8 kazini kwa mafundi wa nje. Nafasi ni 24, vibanda 8, vijana watatu kwa kibanda. Yanayoandikwa ni yale ambayo kundi lijalo litayahitaji, yaliyoharibika yakiwemo.

Wiki ya 6 kabla ya kufungua

Fomu ya usajili imeandikwa upya kwa mara ya tatu. Ile ya kwanza ilidai cheti cha shule, picha mbili na barua ya mdhamini. Kwa maneno mengine, ilimfungia mlango yuleyule ambaye kozi imeanzishwa kwa ajili yake. Aliyeacha shule darasa la nne hana cheti, na anayelala leo kwa huyu kesho kwa yule hana wa kumwandikia barua. Fomu mpya ni ukurasa mmoja: jina, umri (kuanzia miaka 16, aliye chini ya 18 mzazi au mlezi atie saini), anaishi na nani, mchana anakula wapi, anafikaje kituoni na kwa muda gani, amewahi kufanya kazi gani. Swali la dini limebaki kwa sababu moja tu: kujua siku zake kuu ili mtihani wa vitendo usiangukie humo. Nafasi hutolewa bila kujali dini.

Usaili wa ofisini umefutwa. Kila mwombaji anatembelewa anakoishi, na wageni huwa wawili daima, kamwe si mmoja. Nusu saa nyumbani kwa mtu inatosha kujua kama ana wadogo anaowalea, kama kuna mtu humo ndani asiyetaka aje, na kama safari ya kila siku itamshinda ifikapo mwezi wa pili. Kwa wasichana ziara huwa mbili, kwa sababu pingamizi la "chuma si kazi ya mwanamke" mara nyingi linatoka kwa mtu ambaye siku ya kwanza hakuwepo.

Wiki ya 4 kabla

Vibanda vimesimama: mita 1.5 kwa 1.5, kuta za bati zenye kimo cha mita 2, chini zimeachwa wazi sentimita 25 ili hewa ipite. Meza ni bamba la mm 10, na klempu ya ethi (kibano cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine) imefungwa kwa bolti kwenye meza yenyewe. Ikiachwa ining'inie, kijana ataibana kwenye kutu au kwenye rangi, umeme utakatakata, naye atalaumu mashine.

Makosa mawili yamegunduliwa kabla hayajaleta madhara. La kwanza, kuta zilipakwa rangi nyeupe inayong'aa ili karakana ionekane safi. Mwanga wa tao, yaani umeme unaoruka kati ya fimbo ya kuchomelea na chuma, hugonga rangi hiyo na kurudi nyuma ya ngao ya uso, ukaingia machoni kutoka pembeni. Zimepakwa upya rangi ya kijivu isiyong'aa. La pili, mashine tatu ziliwekwa kwenye njia moja ya umeme. Zikiwashwa zote, volti hushuka na tao huzimika mkononi. Sasa kila mashine ina swichi yake ya usalama, na zote 8 zimegawanywa kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme: 3, 3 na 2.

Wiki ya 2 kabla

Ubao wa zana umechorwa. Kila nyundo, tupa, brashi ya waya na koleo ina kivuli chake cha rangi ukutani, na kila kijana ana vibati vitatu vyenye namba yake. Anayechukua zana huacha kibati palepale alipoitoa. Mwisho wa siku kivuli kitupu hujieleza chenyewe, na hakuna haja ya kupekua mifuko ya mtu.

Kuhusu wizi wa zana, wajumbe wawili wa kamati walitaka tuweke kufuli na orodha ya adhabu. Don Bosco mwenyewe anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba vijana wa kwanza aliowalaza kule Valdocco, mtaa wa Torino alikoanzia kazi yake, waliamka mapema na kuondoka na mablanketi. Hakufunga mlango. Mwaka 1847 alimpokea mwingine, kijana aliyefika amelowa mvua, na bweni likaanzia kwake. Ubao wenye vivuli ndio jibu letu la katikati: zana ziko wazi, ila zinaonekana.

Wiki ya 1

Hakuna mashine iliyowashwa. Siku mbili za kwanza zimekwenda kwenye viatu, nguo na macho. Nguo za nailoni zinayeyukia ngozini, kwa hiyo kila mmoja amepewa bwelasuti ya pamba, aproni na glavu za ngozi, na kioo cheusi namba 11 (namba ikipanda, giza huzidi). Namba 10 inafaa kwa ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme, tutakazotumia, lakini macho ya anayejifunza hukaa karibu mno na tao.

Jambo ambalo lazima lisemwe mapema, hata kwa walioko nyumbani: aliyepigwa na mwanga wa tao haumwi papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama mchanga ndani ya macho, na machozi hayakatiki. Familia isiyojua hilo huamka na hofu, na asubuhi kijana anakatazwa kurudi. Karatasi fupi imepelekwa kwa kila mlezi.

Kila siku inaanza na neno la asubuhi uwanjani. Katika nyumba za Wasalesiani zenye bweni huwa ni neno la usiku mwema, desturi inayohusishwa na Mama Margherita, mamaye Don Bosco. Kwa kituo cha kutwa linasogezwa asubuhi. Mwaka 1877, katika andiko lake juu ya mfumo kinga, yaani malezi ya kuzuia kosa kabla halijatendeka, Don Bosco alisisitiza kwamba neno hilo lisizidi dakika mbili au tatu. Jumanne msemaji mmoja alikwenda dakika 14. Saa ya ukutani imehamishiwa pale anaposimama msemaji.

Wiki ya 2

Kuwasha tao. Bamba la mm 6, rodi (fimbo inayoyeyuka kuwa mshono) ya aina ya E6013 ya mm 3.2, ampea 110. Kijana anakwaruza ncha kama anayewasha kiberiti, kisha anainua kiasi cha unene wa rodi yenyewe, yaani mm 3 hivi. Akichelewa kuinua, rodi inaganda. Akiinua mno, tao linarefuka, linarusha cheche na kuzimika. Sauti ndiyo mwalimu: tao zuri linachacharika mfululizo kama kitu kinachokaangwa. Mwalimu akiwa amewapa mgongo anaweza kusema kibanda namba 5 kimeinua mno.

Rodi zinakwisha kuliko bajeti. Hesabu ni hii: rodi moja ya mm 3.2 yenye urefu wa mm 350 ina uzito wa gramu 30 hivi. Vijana 24 wakichoma rodi 15 kila mmoja ni rodi 360, sawa na kilo 11 kwa siku, zaidi ya pakiti mbili za kilo 5. Bajeti iliandikwa pakiti moja, tena na mtu ambaye hajawahi kufundisha kuchomelea. Zaidi ya hapo, wengi hutupa kipande kikiwa na mm 110 kwa kuwa joto linaukaribia mkono, wakati kinafaa kutupwa kikiwa na mm 50. Mm 60 zinazopotea ni moja ya tano ya sehemu inayochomeka. Tumeweka kopo la vipande kwenye kila kibanda. Jioni vipande vyote vya siku vinapangwa mezani, kirefu hadi kifupi, bila kutaja jina la mtu. Siku ya tatu vilikuwa vimefupika.

Wiki ya 3

Hii ndiyo wiki ya kuangalia kwa jicho kali, na si kwa ajili ya chuma. Hamu ya siku za kwanza imeisha, mshono bado ni mbaya, na nje kuna kibarua cha kulipwa leo hii. Vijana watatu hawakuonekana Jumatatu.

Utaratibu: orodha inaitwa saa 2 kamili asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana. Asiyekuwepo asubuhi hupigiwa simu kabla ya saa 4. Siku ya pili mratibu anakwenda nyumbani. Hatusubiri siku ya tatu, kwa sababu ifikapo hapo sababu ya kwanza (kiatu kimekatika, mama anaumwa, nauli hakuna) imeshafunikwa na aibu, na aibu haina dawa ya haraka. Anayetembelea haulizi "kwa nini hukuja". Anasema tu kwamba kibanda kipo na nani anakishika kwa sasa. Wawili wamerudi. Wa tatu anabeba mizigo sokoni ili wadogo zake wale. Kwake tatizo ni mlo wa nyumbani, na karakana haiwezi kulitatua peke yake. Amepewa ratiba ya mchana tu kwa wiki nne, na parokia imeombwa kuisaidia familia.

Lingine limejitokeza wiki hii hii. Ugomvi wote wa wiki, na upotevu wa tupa mbili, umetokea katika dakika 20 za mapumziko, wakati watumishi wote wako ofisini wanakunywa chai. Wasalesiani wanaposema mwalimu awe kati ya vijana, wanamaanisha hasa dakika hizo: uwanjani, kwenye mpira, kwenye foleni ya bomba. Chai ya watumishi sasa ni zamu mbili.

Wiki ya 4 hadi ya 6

Vipimo. Hapa ndipo shule iliyokatika njiani inapojidhihirisha. Wengi wanasoma sentimita, lakini milimita zinawachanganya, na kugawanya kwa maandishi kunawatisha. Somo la hesabu limetolewa darasani na kuletwa kwenye meza ya kukatia.

Zoezi lililofanya kazi kuliko yote: bomba la mraba la mita 6, kata miguu ya stuli ya mm 500. Ni miguu mingapi? Wote walijibu 12. Wakapewa bomba wakate. Mguu wa 12 ulitoka mm 467. Walidhani mwenzao amekosea kupima, wakarudia kwa bomba jingine, ukatoka ule ule. Ndipo mmoja akaweka diski ya kukatia juu ya rula: mm 3. Mikato 11 mara 3 ni 33. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini kutoa na kuzidisha kunahusu chuma. Bomba mbili zilizokatwa hazikupotea, miguu mifupi imekuwa vishikio.

Kuhusu vyuma chakavu tunavyopewa bure: vichambuliwe kabla ya kuingia. Ndani ya rundo la Jumatano kulikuwa na mabomba yenye zinki. Yakichomelewa hutoa moshi mweupe mzito, na jioni aliyeuvuta hupata homa na kutetemeka. Zinki iondolewe kwa kusaga pande zote za kiungo, au bomba litumike mahali pasipochomelewa. Alama ni mng'ao wenye madoa kama maua. Msaada wa bure una gharama yake, na hii ni mojawapo.

Wiki ya 7

Umeme ulikuwa wa kukatika. Tumesoma michoro na kunoa patasi.

Wiki ya 8 hadi ya 10

Kiungo cha T, mshono wa pembeni. Mshono ukionekana mzuri juu, kijana anadhani kazi imeisha, na maneno hayamtoi hapo. Tumetumia jaribio la kuvunja: bamba mbili zimechomelewa upande mmoja tu, kiungo kinabanwa kwenye jiliwa, na bamba lililosimama linapigwa nyundo kuelekea upande wa mshono hadi kivunjike. Kisha wote wanainama kutazama ndani.

Yaliyoonekana, na chanzo chake: Mstari mweusi kwenye kona maana yake slagi (ganda la takataka za rodi iliyoyeyuka) ilitangulia mbele ya tao, pembe ya rodi ilikuwa imelala mno au mwendo ulikuwa wa pole. Vitundu vidogo vingi ni rodi yenye unyevu, mafuta, au tao refu. Mshono uliokaa juu kama nta bila kushika bamba la chini ni ampea chache. Ukingo ulioliwa juu ya mshono ni ampea nyingi au mkono unaokimbia. Kila kipande kilichovunjika kimeandikwa chokaa chanzo chake na kutundikwa. Ukuta huo umefundisha kuliko ubao.

Vitundu vilizidi Alhamisi kwenye vibanda vyote, kwa hiyo kosa halikuwa la mikono. Pakiti zilihifadhiwa sakafuni, zimekula unyevu. Rodi za E6013 zimekaushwa saa moja kwa nyuzi 100 hivi, na stoo sasa ina rafu na taa ya balbu inayowaka ndani ya kabati. Zile chache za aina nyingine, E7018, tulizopewa haziokolewi kwa joto hilo. Zinataka zaidi ya nyuzi 300, na tanuri hatuna. Zimewekwa kando kwa mazoezi ya kuwasha tu.

Wiki ya 11

Kijana mmoja alikutwa ameondoa kinga ya grainda (mashine ya kukatia na kusagia) ili diski kubwa iingie. Diski ya mm 115 imeandikwa mizunguko isiyozidi 13,300 kwa dakika. Kubwa yake ina kikomo kidogo zaidi, na grainda ndogo inazunguka 11,000. Hapo diski hupasuka, na vipande havichagui wa kumpiga.

Mfumo kinga mara nyingi hueleweka kama upole. Kiini chake ni kwamba sheria ijulikane mapema, na anayeisimamia awepo, ili kosa liwe gumu kutendeka. Kwa kipimo hicho kosa la kwanza ni letu: diski kubwa zilikuwa kwenye droo moja na ndogo. Zimetolewa karakanani. Kijana alizungumzishwa faragha, mlango wenye kioo ukiwa umefungwa na mtu wa pili akiwa upande wa pili wa kioo, kama kanuni ya ulinzi wa watoto na vijana inavyotaka. Hakufokewa mbele ya wenzake. Wiki inayofuata ndiye anayekagua grainda kila asubuhi, na anakagua kwa ukali kuliko mwalimu.

Wiki ya 13 hadi ya 17

Bidhaa za kweli: stuli, fremu za vitanda, wavu wa dirisha. Fremu ya mm 600 kwa 400 hushikizwa kwanza kwa vidoti (mishono midogo ya kushikilia tu) kwenye pembe zinazotazamana, kisha mshazari, kona hadi kona, unapimwa pande zote mbili. Unatakiwa kuwa mm 721, na tofauti ya mishazari miwili isizidi mm 2. Anayechomelea pembe moja hadi mwisho kabla ya kushikiza nyingine ataona fremu ikivutwa na joto na kupinda.

Oda za nje zimeanza kuja, na papo hapo mvutano. Mteja anataka fremu 40 kwa wiki mbili. Njia ya haraka ni kuwapanga walio bora watatu wachomelee na wengine 21 wabebe na kufagia. Karakana ingepata fedha na vijana wangekosa ufundi. Mvutano huu ni wa zamani kama karakana zenyewe za Valdocco: washona viatu na washona nguo mwaka 1853, wajalidi vitabu 1854, maseremala 1856, kisha uchapaji na uhunzi mwanzoni mwa miaka ya 1860. Zilianza kwa kuihudumia nyumba yenyewe, viatu na nguo za vijana waliokuwemo, kabla ya kutazama soko. Tumekubali fremu 16 kwa wiki tano, kila kijana ashiriki kila hatua. Mteja aliondoka, akarudi baada ya siku nne.

Wiki ya 18 hadi ya 20

Kutafuta mafundi wa kuwapokea. Karakana 19 zimetembelewa, zote kwa miguu ya mratibu na mwalimu pamoja. Kinachoangaliwa: grainda zina kinga, kuna choo, na fundi anasemaje na msaidizi wake wakati sisi tumesimama pale. Hilo la mwisho ndilo limeondoa karakana nyingi.

Mkataba wa maandishi ni wa lazima. Kuna mfano wa kuufuata. Tarehe 8 Februari 1852, Don Bosco alisimamia mkataba wa kijana Giuseppe Odasso kwa fundi seremala Giuseppe Bertolino, ulioandikwa kwenye karatasi ya stempu. Fundi alijifunga kumfundisha kazi, kumkosoa kwa maneno na si vinginevyo, kumpa kazi za ufundi wake tu zisizozidi nguvu zake, kumwachia siku za sikukuu, na kumlipa posho inayopanda kadiri anavyoendelea. Kijana naye alijifunga kuwa mtiifu na mwenye bidii. Vifungu vyote hivyo vimeingia kwenye wetu, pamoja na vitatu vipya: vifaa vya kinga vitatolewa na kituo, ajali itaarifiwa siku ileile, na kijana hatatumwa kazi za nyumbani kwa fundi. Mafundi wawili walicheka kwenye kifungu cha mwisho na kukataa kusaini. Ni heri wamecheka sasa.

Wiki ya 24

Mtihani wa vitendo: kiungo cha T mlalo, kiungo cha T wima kwa kupanda, na stuli moja kuanzia mchoro. Mshono wa wima umewasumbua karibu wote. Ampea zishushwe hadi 90 au 95, rodi itulie kidogo kwenye kila ukingo na kupita upesi katikati. Wanaopita taratibu katikati huona chuma kikining'inia kama tone. Kundi lijalo lianze wima wiki ya 12. Tumechelewa.

Kazini, wiki ya 1 hadi ya 8

Kila kijana anatembelewa wiki ya 1, ya 3 na ya 6, bila taarifa. Wiki ya kwanza malalamiko ni yaleyale: fundi anatumia mashine isiyoonyesha ampea na kijana aliyezoea namba hajui aanzie wapi. Dawa ni ile sauti ya wiki ya 2. Laiti tungefunika vipimo vya mashine kwa karatasi siku moja kwa wiki kuanzia wiki ya 15. Imeandikwa kwenye mpango.

Jambo la pili ni posho. Karakana moja ililipa wiki mbili kisha ikaacha. Mratibu alikwenda na nakala ya mkataba, akakaa na fundi, ikaonekana hana kazi na anaona haya kusema. Kijana amehamishiwa kwingine kwa makubaliano, na uhusiano haukuvunjika.

Stoo imehesabiwa leo: pakiti 3 za rodi za mm 3.2, nusu pakiti ya mm 2.5, vioo vyeusi 9, glavu zinazofaa jozi 11. Oda ya kundi la pili ni pakiti mbili na nusu kwa kila siku ya mazoezi hadi wiki ya 6, kisha moja na nusu. Fomu zinaanza kutolewa Jumatatu. Nakala 40 ziko kwa mlinzi wa geti, kwa sababu wengi wanaozitaka huishia hapo getini.